Nilipandishwa Cheo, Nikaipoteza Kazi Niliyoipenda

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mkunga. Nimeandika neno hilo nikasita, maana kwa miaka 3 sasa sijui kama bado nina haki ya kujiita hivyo. Nina umri wa miaka 41, nimeolewa, nina watoto 2. Wa kike ana miaka 15 na wa kiume ana 9. Nilifanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka 14, kisha nikateuliwa kuwa msimamizi wa wauguzi wote hospitalini kwetu. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa ofisini.

Nikueleze siku yangu ilivyo. Naingia saa 1 asubuhi, natoka saa 12 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi naenda nusu siku kumalizia viporo. Napanga zamu, naandika ripoti, nakaa vikaoni, nasuluhisha ugomvi wa waliochelewa kupokezana zamu, nahesabu glovu na sindano, naandika barua za kuomba glovu na sindano. Nikifika nyumbani simu inaanza. Fulani anaumwa na hakuna wa kumshikia nafasi yake usiku. Fulani na fulani hawasemezani. Nalala simu ikiwa chini ya mto. Juzi mwanangu wa kiume aliniuliza, "Mama, leo simu inalala saa ngapi?" Alikuwa ameshika daftari, anataka nimsikilize akisoma. Nikamwambia anipe dakika 5. Nilipokata simu alikuwa ameshalala, daftari liko kifuani.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie. Wiki 3 zilizopita, siku ya Alhamisi, nilishuka wodi ya wazazi kukagua vitanda vilivyoharibika. Nikakuta wanawake 2 wanasukuma kwa wakati mmoja na mkunga yuko mmoja. Nikanawa mikono, nikavaa glovu. Wangu alikuwa msichana mdogo, uzazi wa kwanza, amenikazia macho hataki hata niangalie pembeni. Nikamwekea tumboni ile pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto, na Mama, masikio yangu yaliyatambua kabla sijaanza kuhesabu. Kichwa kilipotoka nikakuta kitovu kimemzunguka mtoto shingoni. Vidole vyangu vikakipitisha juu ya kichwa, vyenyewe, wala sikukumbuka kufikiri. Akatoka. Akalia. Nilirudi ofisini, nikafunga mlango, na mimi nikalia. Hata jina la mtoto yule sikubaki kulisikia.

Nataka kurudi wodini, lakini kuna mambo yananifunga. Mshahara utashuka, na mkopo wa nyumba umebaki miaka 4. Kazi ya mume wangu ni ya mikataba, inakuja na kukatika. Ni mtu mwema, lakini siku nilipoteuliwa alifurahi kuliko mimi, na sijui nitaanzia wapi kumwambia nataka kushuka. Kazini watasema nimeshindwa, au nimeshushwa kwa kosa. Halafu kuna wauguzi wadogo. Kabla yangu zamu za usiku zilikuwa zinawaangukia walewale. Nilipoingia niliweka utaratibu kwamba hakuna anayefanya usiku zaidi ya siku 4 mfululizo, na kila mtu anaijua ratiba yake wiki 3 mapema. Nikiondoka sijui itakuwaje.

Na kuna jambo moja linanitisha. Wiki iliyopita muuguzi mmoja alikuja kuniambia mama yake mzazi amelazwa. Kabla sijasema pole, nilikuwa nimeshafungua daftari la zamu kutafuta nani atashika nafasi yake. Aliona. Mimi sikuwa hivyo, Mama.

Nirudi wodini nipate amani ya moyo, au nivumilie kwa ajili ya familia?

Mkunga, au aliyekuwa mkunga

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa mzigo. Katika jibu hili nitakuita mkunga tu. Mtu ambaye masikio yake yanayatambua mapigo kabla ya kuhesabu, hilo jina halijamtoka.

Nikuambie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Uliipenda kazi ya mikono yako, ukaifanya vizuri, na kwa sababu uliifanya vizuri ukaondolewa hapo ukapewa nyingine. Hiyo nyingine inalisha nyumba na inalinda wenzako, lakini inakula jioni zako, usingizi wako, na sasa unaona inaanza kula hata upole wako. Alhamisi moja imekukumbusha ulikuwa nani. Kwa hiyo unaona mbele yako milango 2, mmoja wa amani na mmoja wa mshahara, na kila utakaoufungua lazima mwingine ujifunge.

Hujui ni wangapi huniandikia wakiwa kama wewe. Aliyenyimwa cheo hulalamika hadharani na watu humpa pole. Aliyepewa cheo akahuzunika hujificha, anaogopa kuonekana hana shukrani. Tumezoea jambo la ajabu, kwamba fundi akiwa hodari tunampa zawadi ya kumwondoa kwenye ufundi wake. Huzuni yako ni ya kufiwa na kitu ulichokipenda, na katika miaka hii 3 sidhani kama kuna mtu alikupa pole. Basi pokea yangu.

Sasa niruhusu nikuulize. Ukisema ofisi inakumaliza, unamaanisha nini hasa? Mimi katika barua yako nimeona mambo 3 yaliyofungwa furushi moja. Kuna kazi yenyewe, yaani zamu, ripoti na vikao. Kuna wingi wa saa. Na kuna simu ya usiku. Hayo ni mambo tofauti, na dawa zake si moja. Jaribu kufikiri hivi: kama kesho ungebaki kwenye cheo hichohicho, lakini unatoka saa 10 jioni na simu ya usiku inapokewa na mtu mwingine, ungeitamani wodi kwa kiasi kilekile? Huenda jibu ni ndiyo. Huenda ukashtuka kuona kiu imepungua. Sijui, na nadhani hata wewe hujui bado, kwa sababu aliyechoka huona kila kitu kwa rangi ya uchovu.

Hizo saa nimezihesabu. Saa 11 kwa siku 5 ni saa 55, na hapo Jumamosi haijaingia, simu haijaingia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa uchambuzi wa pamoja ulioonyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Wewe ni mtu wa afya, sitaki kukutisha kwa mambo unayowaeleza wagonjwa kila siku. Nataka tu uone kwamba "kuvumilia kwa ajili ya familia" nako kuna gharama, na gharama hiyo inalipwa na familia hiyohiyo. Miaka 4 ya mkopo kwa mwendo huu ni mingi.

Kuhusu yule muuguzi na daftari la zamu. Umeliandika hilo kama mtu anayeungama dhambi. Mimi nimelisoma kama dalili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuishiwa nguvu na ari inayotokana na kazi, likasema wazi kwamba si ugonjwa bali ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukupatiwa ufumbuzi. Alama zake ni 3: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuiona kwa ubaya, na kuhisi kwamba unachofanya hakina tija. Aliyejitenga moyo si mtu katili. Mara nyingi ni yule aliyejali sana, kwa muda mrefu mno, bila kupumzika. Kwamba uliona kuwa muuguzi yule ameona, na bado inakuuma, kwangu ni ushahidi kwamba upole wako upo, umefunikwa tu. Mrudie. Hujachelewa kumuuliza mama yake anaendeleaje. Na kama usingizi umekuhama hata simu isipoita, au huoni raha ya kitu chochote, hata cha nyumbani, tafuta daktari uzungumze naye kama mgonjwa, usiende kama mfanyakazi mwenzake.

Kuna dhana nyingine ningependa tuiguse taratibu, ya kwamba wodini kuna amani. Wodi unayoikumbuka ni ya Alhamisi ile. Lakini wewe ndiwe uliyeweka mwiko wa siku 4 za usiku. Ulijuaje kwamba siku ya 5 mtu hafai tena kumshika mama wa watu? Bila shaka ulijua kwa mwili wako. Ile miaka 14 nayo ilikuwa na usiku mrefu, mgongo unaouma, na watoto ambao hawakulia. Sisemi haya ili kukukatisha tamaa. Nasema ukirudi, urudi kwenye wodi nzima, maana Alhamisi peke yake haipo.

Na hapa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha barua yako, ingawa umelipitia haraka. Mtoto akitoka analia. Kwa mlio ule unajua papo hapo kwamba kazi imekwisha, imekwisha salama, na umeifanya wewe. Ratiba ya zamu hailii. Muuguzi aliyelala vizuri kwa sababu hakufanya usiku wa 5 hatakuja ofisini kwako kukuambia kwamba leo hakukosea dozi. Mama aliyepona kwa sababu yule muuguzi hakukosea hakujui kabisa. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili Wamarekani, Richard Hackman na Greg Oldham, walichunguza ni mambo gani ndani ya kazi humpa mtu kuridhika. Wakataja, pamoja na mengine, kuifanya kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho wake, na kuyaona matokeo kutoka kwenye kazi yenyewe, bila kungoja bosi akuambie. Kuzalisha kuna yote hayo, pengine kuliko kazi nyingi duniani. Ofisi yako inayo kwa uchache sana. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huridhiki, wala usidhani cheo kimekubadilisha moyo. Ulizoea kusikia kilio, sasa unafanya kazi kwenye ukimya.

Lakini ukimya haumaanishi hakuna kilichozaliwa. Zile zamu za haki umezizalisha wewe. Umezitaja mwishoni mwa orodha ya vikwazo, kama mnyororo wa kukufunga, na mimi nikajiuliza kwa nini hukuzihesabu kama kazi yako nzuri. Mkunga ndiye aliyezipanga, kwa maarifa ya ukunga.

Tuzitazame njia, bila haraka.

Unaweza kuomba kurudi wodini. Ni njia halali na haina aibu, wapo wanaoshuka ngazi wakapumua. Hatari zake ni za kuangalia kwa kalamu na karatasi: mshahara mpya ukiondoa mkopo unabaki kiasi gani, na mkataba wa mume ukikatika miezi 3 mtaishi vipi. Andikeni tarakimu halisi. Hofu isiyohesabiwa huwa kubwa kuliko deni lenyewe, na wakati mwingine matumaini yasiyohesabiwa nayo ni hivyohivyo. Halafu uliza mapema kama nafasi ipo, kama utaongozwa na uliokuwa ukiwaongoza, na kama nafsi yako italikubali hilo asubuhi ya kwanza ukikuta ratiba mpya imekurundikia usiku. Maneno ya watu yatakuwepo kwa majuma kadhaa. Kwa kawaida huisha mwingine anapohamishwa.

Unaweza kubaki ukaibadilisha kazi iliyopo. Ningekushauri uitazame simu kwanza, kwa sababu ndiyo inayoingia hadi kitandani. Nani aliamua kwamba wewe ndiye wa kupigiwa kila usiku? Kama ni agizo la maandishi, lipo la kujadili na wakubwa wako. Kama ilijizoesha tu kwa sababu kila wakipiga unapokea, basi ufunguo uko mkononi mwako zaidi ya unavyodhani. Kwenye kila zamu ya usiku kuna muuguzi mwandamizi. Anaweza kupewa mamlaka ya kuhamisha mtu kutoka wodi moja kwenda nyingine, na wewe ukapigiwa kwa mambo mawili au matatu mnayoyaandika kabisa. Hatari ipo: siku moja ataamua vibaya, na utajiambia kwamba ungepokea wewe isingetokea. Jiandae kwa sauti hiyo. Aliyekufundisha kuzalisha naye alisimama nyuma yako siku ya kwanza, mikono yake ikimwasha, akakuacha.

Katika njia hiyohiyo unaweza kuomba asubuhi moja kwa wiki ndani ya wodi ya wazazi, kwa glovu, si kwa ukaguzi. Wasimamizi wengine hufanya hivyo na huwasaidia kupanga zamu wakiwa na picha halisi kichwani. Hapa nina wasiwasi na mambo 2. La kwanza, usije ukaongeza asubuhi hiyo juu ya zile saa 55. Lazima kitu kitoke ndipo nyingine iingie, la sivyo utakuwa na kazi 2 na uchovu maradufu. La pili, mkunga kijana akiwa na bosi wake kando ya kitanda anaweza kuganda. Kubalianeni kwamba asubuhi hiyo anayeongoza wodi ni yeye, na wewe unapokea maelekezo kama mwingine yeyote. Utaweza? Jiulize kwa ukweli.

Iko na njia ambayo hukuitaja kabisa, ya kufundisha. Mikono yenye miaka 14 ni hazina kwa wanaojifunza ukunga, na mkufunzi wa vitendo hukaa karibu na kilio kile. Inaweza kutaka masomo ya ziada, nafasi zake huwa chache, na malipo yake sijui kwenu yakoje. Naitaja ili uone kwamba milango si 2 tu.

Na unaweza, kwa sasa, kutoamua. Una siku ngapi za likizo ambazo hujachukua? Nahisi ni nyingi. Majuma 2 ya kulala bila simu hayatatatua suala la mshahara, ila uamuzi utakaoufanya baada yake utakuwa umefanywa na mtu aliyelala. Hatari yake ni kwamba ukirudi ukakuta kila kitu kilivyo, unaweza kudhani likizo ilikuwa ndiyo dawa na ukajiburuza mwaka mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuondoka andika mahali ni kitu gani lazima kiwe kimebadilika, na lini.

Kuhusu mume wako, umeniambia alifurahi. Hukuniambia kama amewahi kukuona ukilia. Miaka 3 umemwonyesha mtu anayemudu, na yeye ameamini alichoonyeshwa. Usimpelekee uamuzi, "nashuka" au "nabaki," maana atalazimika kuukubali au kuupinga. Mpelekee Alhamisi. Msimulie kama ulivyonisimulia mimi, pembe, vidole, mlango uliofungwa. Kisha mwache aulize. Hata binti yako wa miaka 15 ana umri wa kuelewa zaidi ya tunavyodhani, na yeye yuko kwenye miaka ya kujiuliza atafanya kazi gani. Anajifunza kutokana na unavyoishi, hata kwa mambo usiyomwambia.

Yule mdogo yeye hahitaji maelezo. Alikuuliza saa, mpe saa. Kama simu inalala saa 2 usiku, iwekeni pamoja mahali pake, chumba kingine, yeye akiwa shahidi, na umsikilize akisoma mpaka ukurasa uishe. Anza kwa usiku 2 kwa wiki, ule ambao mwandamizi wa zamu unamwamini zaidi. Hilo unaweza kulifanya wiki hii ukiwa bado msimamizi, bado na mkopo, bado hujui utaelekea wapi.

Niandikie tena baada ya mwezi, hata kama hujaamua chochote. Uniambie ulihisi nini usiku wa kwanza ambao hukupigiwa. Na ukipata nafasi pita wodini, fungua daftari la waliojifungua Alhamisi ile, umtafute yule msichana. Ningependa kujua mtoto alipewa jina gani.